Palipo na Mbuzi

FUNDI: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Nani mwenzako? Namba yangu umeshaifuta?

FUNDI: Paza sauti, kuna mngurumo huko kama wa lori. Ni nani?

SHANGAZI: Si lori, ni mashine ya kusaga. Unamjua mwanamke mwingine mwenye mashine ya kusaga? Shangazi yake Bonge hapa.

FUNDI: Ahaa. Wifi. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo, majina yote yakaenda. Hujambo?

SHANGAZI: Sijambo. Habari za huko?

FUNDI: Nzuri.

SHANGAZI: Nzuri?

FUNDI: Nzuri tu. Nashona sare za shule, nimezidiwa na—

SHANGAZI: Mbuzi yuko bandani anakata roho, yeye anashona, na habari ni nzuri!

FUNDI: Nani kakwambia?

SHANGAZI: Mama Mkaa. Yuko hapa kwenye foleni na debe lake la mahindi.

FUNDI: Mama Mkaa! Huyohuyo asubuhi kanishikia pembe nikimnywesha mbuzi dawa, mikono haijakauka keshafika kwako. Mdomo wa yule mama hata ukiushona kwa uzi wa viatu utafumuka.

SHANGAZI: Kwa hiyo ni kweli.

FUNDI: Bi Mkubwa hajisikii vizuri, basi. Kuanzia alfajiri amekataa majani. Hiyo si kukata roho.

SHANGAZI: Mbuzi mnamwita Bi Mkubwa.

FUNDI: Ndiye anayelisha nyumba. Ulitaka tumwite nani?

SHANGAZI: Na Bonge? Mtoto wa kaka yangu leo amekunywa nini?

FUNDI: Mtoto wa dada yangu amekunywa uji.

SHANGAZI: Uji mkavu.

FUNDI: Uji una ukavu gani, wifi? Na ndizi kala. Na maziwa ya jana jioni yalibaki kikombe, akaamkia hayo.

SHANGAZI: Ya leo je?

FUNDI: Ndizi kala mbili nzima.

SHANGAZI: Nimeuliza ya leo. Hujakamua?

FUNDI: Nimejaribu. Hayatoki. Chuchu zimenywea.

SHANGAZI: Aa-haa. Sasa tunaongea. Siku ile tulipokaa kikao cha familia, kaka yangu alisema nini?

FUNDI: Unajua alivyosema, ulikuwepo.

SHANGAZI: Nataka nikusikie wewe.

FUNDI: Wifi, mimi si mtoto wa shule unisomeshe—

SHANGAZI: Sema.

FUNDI: Alisema palipo na mbuzi ndipo pa mtoto. Haya. Umeridhika? Kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yanamtoa harara mwili mzima, mbuzi akae kwangu penye uwanja, na mtoto akae penye mbuzi, mpaka aachane na maziwa. Na mbuzi yupo. Namwona kutoka hapa nilipokaa.

SHANGAZI: Na asipokuwepo?

FUNDI: Yupo!

SHANGAZI: Ukiniuliza mimi, kitanda chake nimeshatandika. Chandarua juu. Na maziwa ya kopo nimeweka, yale ya watoto wasiopatana na ng'ombe.

FUNDI: Yale aliyokutapikia kwenye kanga.

SHANGAZI: Alikuwa na homa siku ile!

FUNDI: Mama Mkaa kafika huko saa ngapi?

SHANGAZI: Sasa hivi. Kwa nini?

FUNDI: Sasa hivi. Na kitanda kimeshatandikwa. Wewe mwanamke ulikuwa unaomba usiku na mchana.

SHANGAZI: Chunga mdomo wako! Mimi nimwombee mbuzi afe? Nina kazi, sina nafasi hiyo.

FUNDI: Nafasi ya kupiga simu unayo.

SHANGAZI: Napiga kwa sababu ya mtoto! Hebu niambie, umempa nini huyo mnyama?

FUNDI: Dawa.

SHANGAZI: Dawa gani? Ya nani? Bwana mifugo kaja?

FUNDI: Simu yake haipatikani. Wanasema yuko kwenye chanjo huko ng'ambo ya daraja, mtandao hakuna. Nimempigia mpaka kidole kimeota sugu.

SHANGAZI: Kwa hiyo daktari ukawa wewe.

FUNDI: Ulitaka nikae nimtazame? Nilianza na mwarobaini. Nikachemsha, nikapoza, nikachuja kwa kitambaa cha—

SHANGAZI: Mwarobaini wa nini?

FUNDI: Minyoo. Mama Mkaa alisema ni minyoo.

SHANGAZI: Mama Mkaa, huyu ambaye kuku wake hufa kila kiangazi.

FUNDI: Basi haukumsaidia. Nikasema huenda kaokota kitu chenye sumu. Nikatwanga mkaa, nikauchanganya na maji—

SHANGAZI: Mkaa wa Mama Mkaa, bila shaka.

FUNDI: Wa pasi yangu! Usinikatize. Halafu mafuta na kitunguu saumu.

SHANGAZI: Mafuta ya cherehani?

FUNDI: Ya kupikia, wewe! Unadhani mimi kichaa?

SHANGAZI: Sijui, ndiyo nauliza. Mwarobaini, mkaa, mafuta, vitunguu. Hilo tumbo ni la mbuzi au ni kabati la dawa?

FUNDI: Na sasa nimekoroga siki na ndimu. Kikombe kiko hapa mezani. Mama Mkaa anasema siki inakata gesi.

SHANGAZI: Mpe, mpe. Maliza na sabuni kabisa.

FUNDI: Unacheka?

SHANGAZI: Nacheka nini? Sauti inakatika tu.

FUNDI: Nimekusikia ukicheka. Mtu aliyefiwa na beberu mikononi mwake leo ananicheka mimi. Beberu wako hakumaliza hata msimu mmoja hapo mashineni.

SHANGAZI: Usinitajie beberu.

FUNDI: Kwa nini nisimtaje? Ndiyo maana kikao kilikataa mbuzi akae kwako. Kila mtu alisema, yule mama hata beberu kamshinda—

SHANGAZI: Beberu aliumwa na nyoka! Nilisema na nitasema, aliumwa na nyoka! Anaweza kuumwa mbuzi wa mtu yeyote.

FUNDI: Nyoka, sawa. Na kwangu ni uzembe.

SHANGAZI: Kwako ni uzembe kwa sababu jana nilikuwa hapo na nilimwona kwa macho yangu. Mzima wa afya. Ananilamba mikono. Nimeondoka jana, leo yuko chini. Jiulize.

FUNDI: Najiuliza kweli. Ulikuja jana, leo yuko chini.

SHANGAZI: Unamaanisha nini?

FUNDI: Nilichosema.

SHANGAZI: Sema vizuri! Mimi mchawi sasa?

FUNDI: Sijataja mchawi. Nasema mbuzi alikuwa na amani, mtoto alikuwa na amani, ukaja wewe na biskuti zako na viatu vinavyowaka taa—

SHANGAZI: Mimi siji kwa mtu mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Mama yangu alinilea hivyo, kama wako hakukulea—

FUNDI: Mama yangu muache alale. Unakuja kumnunua mtoto! Kila ukija ni kumnunua. Halafu nini nilikuta jana? Nimetoka ndani na chai yako mkononi, nasikia unamwambia, sema mama. Sema ma-ma. Uso kwa uso na mtoto. Sema mama, nikupe. Kaburi la dada yangu halijaota hata majani vizuri.

SHANGAZI: Ulinifukuza mlangoni kama mbwa. Chai ukaimwaga mbele yangu.

FUNDI: Nikaimwaga, na leo ningeimwaga tena.

SHANGAZI: Wakati mtoto kanikalia mapajani! Unajua yule mtoto hajawahi kunikalia? Nikimgusa analia kama nimemchoma. Jana alikuja mwenyewe. Mwenyewe, kwa miguu yake. Akacheka. Na wewe ukatoka na hicho kikombe ukaharibu kila kitu.

FUNDI: Alikufuata kwa ajili ya mbuzi. Alikuwa anamfuata mbuzi, si wewe.

SHANGAZI: Najua alikuwa anamfuata nani! Huna haja ya kunikumbusha.

FUNDI: Haya. Kata simu, nina mgonjwa.

SHANGAZI: Sikati. Leo hii nampigia kaka. Popote alipo na hilo lori lake nitampata. Namwambia mbuzi hakuna, maziwa hakuna, mtoto anakunywa maji ya uji, naye fundi cherehani anafanya majaribio ya—

FUNDI: Mpigie! Na mimi nitamwambia ulivyonitumia ujumbe wa kiroba.

SHANGAZI: Ujumbe gani?

FUNDI: Usijifanye huelewi. Kiroba chako nimekikuta asubuhi bandani. Kimekunjuka pale chini ya nguzo, kitupu, na nembo ya mashine yako juu. Nikasema, haa, wifi anajua kuongea bila mdomo. Fungasha nguo za mtoto uweke humu. Si ndivyo? Kiroba nimekielewa, wifi. Na nimekitia motoni, kimechemshia mwarobaini.

SHANGAZI: [kimya]

FUNDI: Haloo?

SHANGAZI: Kiroba...

FUNDI: Haloo? Mtandao huu nao. Unanisikia?

SHANGAZI: Kitupu?

FUNDI: Kitupu, ndiyo. Ulitarajia nikute kimejaa nini, dhahabu?

SHANGAZI: [kimya, mngurumo wa mashine]

FUNDI: Wifi? Upo? Sasa umenyamaza. Ukweli umekukaa kooni. Basi sikiliza, mimi siendi popote na mtoto haendi popote. Namnywesha mbuzi siki yake, na kesho atasimama. Kwaheri.

SHANGAZI: Ngoja.

FUNDI: Nimesema kwaheri.

SHANGAZI: Ngoja! Usikate! [kwa mbali] Zimeni mashine! We! Zima! Nimesema zima, mahindi hayaendi popote!

[Mngurumo unashuka, unakoma.]

FUNDI: Mbona kimya hivyo?

SHANGAZI: Nimezima mashine. Nataka nikusikie. Hilo tumbo la mbuzi, upande wa kushoto, nyuma ya mbavu. Ukilibonyeza likoje?

FUNDI: Sasa unataka kujua likoje ili ukamwambie kaka yako—

SHANGAZI: Likoje, wewe mtu! Gumu kama ngoma, au linabonyea?

FUNDI: Linabonyea. Kama unga uliokandwa. Ukitia kidole alama inabaki.

SHANGAZI: Mungu wangu. Anasaga meno?

FUNDI: Tangu asubuhi. Umejuaje?

SHANGAZI: Pumzi yake? Inanuka chachu?

FUNDI: Kama togwa iliyolala. Wifi, umejuaje?

SHANGAZI: Na anaharisha.

FUNDI: Maji maji. Mama Mkaa alisema ndiyo minyoo inatoka.

SHANGAZI: Siki umeshampa?

FUNDI: Nimekwambia iko mezani.

SHANGAZI: Imwage.

FUNDI: Nini?

SHANGAZI: Mwaga siki! Mwaga na ndimu! Tumbo lake tayari limechacha, ukimwongezea ukali unammaliza. Nyanyuka umwage nikusikie.

FUNDI: Hebu kwanza. Mtu aliyekwishatandika kitanda ananiambia nimwage dawa. Nikuamini kwa lipi? Nikiimwaga mbuzi akafa, wewe ndiye unayepata.

SHANGAZI: Kweli.

FUNDI: Nini kweli?

SHANGAZI: Kweli mimi ndiye ninayepata. Nikinyamaza hapa, nikakuacha ummiminie hiyo siki, jioni niko na mtoto. Ningekuwa nataka iwe hivyo nisingezima mashine na watu wamejaa mpaka barabarani. Kiroba hakikuwa kitupu, wifi. Kilikuwa na chenga. Chenga za mahindi. Kilikuwa nusu, labda na zaidi. Nilikuja nacho jana. Nikampa mbuzi mkononi kidogo kidogo, na mtoto akaona mbuzi ananilamba, akacheka, akaja. Ndiyo akanikalia. Kila nikichota, anacheka. Nikachota tena.

FUNDI: Nusu kiroba ulichota?

SHANGAZI: Hapana! Konzi chache. Kiroba nilikiegemeza kwenye nguzo, nikasema wifi akitoka na chai nitamwambia akiweke juu, mbuzi asikifikie. Ukatoka. Tukaanza.

FUNDI: Na hukuniambia.

SHANGAZI: Ungenisikiliza? Ulikuwa unanimwagia chai miguuni! Nikaondoka bila kugeuka nyuma. Kiroba nimekikumbuka sasa hivi ulipokitaja. Naapa, sasa hivi.

FUNDI: Kwa hiyo usiku kucha... Ndiyo maana kuku leo hawakushuka kuparua. Wamekaa kama wageni wa harusi.

SHANGAZI: Nao wamekula. Afadhali wamekula, wamempunguzia.

FUNDI: Lakini chenga ni chakula! Chenga si sumu. Kila mtu anawapa mbuzi pumba na chenga.

SHANGAZI: Konzi moja ni chakula. Nyingi zinachacha tumboni kama pombe, zinamla kwa ndani. Nisikilize, ninaijua. Beberu wangu.

FUNDI: Beberu wako aliumwa na—

SHANGAZI: Hakukuwa na nyoka. Aliingia stoo. Mimi ndiye niliyeacha mlango wazi. Mwenye mashine ya kusaga, mbuzi wake kafa kwa chenga, nani angeleta tena mahindi yake kwangu? Nikasema nyoka. Bwana mifugo alikuja keshakakamaa, akaniambia, mama, ungempa magadi mapema angepona.

FUNDI: Ungesema chenga siku ile, asubuhi hii ningejua. Ningekiona kiroba ningejua! Badala yake nimekaa namtwangia mkaa, mwarobaini, uchungu wote wa dunia nimemtia mnyama wa watu, kwa sababu ya nyoka wako wa uongo!

SHANGAZI: Nitukane baadaye. Magadi unayo?

FUNDI: Unajua nini nitafanya? Nitamwambia kaka yako. Kila kitu. Kiroba, beberu, nyoka—

[Mlio mfupi wa simu.]

SHANGAZI: Salio linaisha. Magadi unayo?

FUNDI: Ya kuchemshia maharage, yapo. Lakini wewe—

SHANGAZI: Vijiko viwili, kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu. Yayeyuke kabisa. Mnyweshe taratibu, kwa pembeni ya mdomo. Kichwa usimwinue juu, yataingia mapafuni. Ameze, apumzike, ameze.

FUNDI: Ngoja, ngoja. Vijiko viwili. Vya chai?

SHANGAZI: Vya mezani. Halafu msimamishe, miguu ya mbele iwe juu, pale kwenye ngazi ya mlango. Msugue hilo tumbo la kushoto. Kwa ngumi, si kwa vidole. Umtembeze. Asile kitu chochote ila majani makavu. Chochote!

FUNDI: Na asipopona?

SHANGAZI: Nitamtafuta bwana mifugo hata kama ni kuvuka hilo daraja kwa miguu. Siki umemwaga?

FUNDI: [maji yanamwagika] Nimemwaga.

[Mlio mfupi tena.]

FUNDI: Wifi. Nijibu moja tu. Ulitaka afe?

SHANGAZI: Chenga sikuziacha makusudi. Hilo naapa kwa—

FUNDI: Sijauliza chenga. Nimeuliza ulitaka afe?

SHANGAZI: Mama Mkaa aliponiambia mbuzi anaumwa, mimi... moyoni mwangu nili—

[Simu inakatika.]

[Jioni. Simu inaita. Inaita muda mrefu.]

SHANGAZI: Haloo? Haloo, niambie!

FUNDI: Mbona kimya huko? Mashine hujawasha?

SHANGAZI: Nilifunga. Watu nimewarudishia mahindi yao. Niambie, wifi. Kafa?

FUNDI: Usiniulize kama unauliza bei ya unga.

SHANGAZI: Kafa?

FUNDI: Bwana mifugo uliyemtuma kafika, na pikipiki yake imejaa tope mpaka kwenye taa. Kasema alivamiwa na mwanamke aliyelowa mpaka kiunoni, akamkamata shati mbele za watu.

SHANGAZI: Daraja lilikuwa limefungwa. Nikapita chini. Kasemaje?

FUNDI: Kampima. Kamchoma sindano. Akauliza dawa gani nimempa kwanza, nikamwambia magadi.

SHANGAZI: Na mwarobaini?

FUNDI: Mwarobaini sikuutaja, aibu. Akauliza nani kakufundisha magadi. Nikasema shangazi wa mtoto.

SHANGAZI: Akauliza mbuzi alikula nini?

FUNDI: Aliuliza.

SHANGAZI: Ukamwambiaje?

FUNDI: Nikamwambia chenga. Akauliza kazipata wapi. Nikasema mbuzi ana miguu.

SHANGAZI: Wifi...

FUNDI: Usiniite kwa sauti hiyo. Sijakusamehe. Nina hasira na wewe mpaka nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja.

SHANGAZI: Na kaka? Amepiga?

FUNDI: Amepiga. Mama Mkaa sijui namba yake kaipata wapi.

SHANGAZI: Kwa hiyo anajua.

FUNDI: Anajua mbuzi alivimbiwa. Akaniuliza, je, mtoto aende kwa shangazi yake? Nikamwambia, subiri kidogo baba Bonge, usikate simu. Nikaenda bandani na simu mkononi nimsikilizishe.

SHANGAZI: Umsikilizishe nini?

FUNDI: Anacheua. Amesimama, ananitazama kwa dharau kama kawaida yake, na anacheua. Kaka yako kasikia kwa masikio yake. Haloo? Unalia?

SHANGAZI: Hapana.

FUNDI: Unalia.

SHANGAZI: Ni mafua. Nimelowa maji.

FUNDI: Maziwa bado. Bwana mifugo anasema yatarudi kidogo kidogo. Kwa sasa mtoto anakunywa yale ya jirani mwenye mbuzi wawili, amenipa kikombe.

SHANGAZI: Ameyapokea?

FUNDI: Mpaka kakilamba kikombe. Ulikuwa unasema nini mchana, simu ikakatika?

SHANGAZI: Acha, wifi. Yamepita.

FUNDI: Sijaacha. Mama Mkaa alipokwambia, moyoni mwako ulifanya nini?

SHANGAZI: Nilifurahi. Kidogo. Kabla ya kiroba. Kile kitanda hakikutandikwa leo. Kimetandikwa tangu siku ile tuliyomzika dada yako. Kila wiki nabadilisha shuka, na hakuna aliyelala. Nilifurahi, nikakupigia nikusikie umeshindwa. Ndiyo hivyo. Mwambie na kaka ukitaka.

FUNDI: Nilijua. Nilikusikia ukifurahi tangu ile haloo ya kwanza.

SHANGAZI: Basi nikate.

FUNDI: Hukati wewe, simu nimepiga mimi. Mtoto hatoki hapa, umesikia? Hatoki. Na hilo neno ulilokuwa unamfundisha, nikilisikia tena, chai haitamwagika chini, itakumwagikia wewe. Wewe ni shangazi. Shangazi si jina dogo.

SHANGAZI: Nimesikia.

FUNDI: Kesho unafungua mashine?

SHANGAZI: Mchana. Kwa nini?

FUNDI: Mimi asubuhi nina sare za kupeleka. Bi Mkubwa anatakiwa kutembezwa, na Bonge hakubali atembezwe bila yeye. Utakuja?

SHANGAZI: Ukinikubalia.

FUNDI: Sijasema nakukubali. Nimeuliza utakuja?

SHANGAZI: Nitakuja. Alfajiri nitakuwa hapo. Nimletee nini mtoto? Viatu vile kama vimembana nita—

FUNDI: Wifi.

SHANGAZI: Naam.

FUNDI: Uje mikono mitupu.

[Simu inakatwa.]